Maonyesho ya Mlima Ndani ya Kompyuta

Baba alibeba mizigo ya watalii mlimani tangu kabla sijazaliwa hadi magoti yalipomkatalia. Miaka michache baada ya kuacha kazi hiyo, nilimwomba anipeleke. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku Old Moshi, nafundisha kuchora, na mlima niliokuwa nikiwachorea watoto ubaoni sikuwahi kuukanyaga.

"Tukafanye nini huko?" aliuliza.

"Nikachore, baba."

Alicheka. Lakini asubuhi ya safari nilimkuta ameshavaa viatu, amekaa kwenye ngazi ya nyumba, chupa ya chai mapajani.

Hatukwenda kileleni. Siku ya kwanza tulipanda msituni taratibu hadi kwenye vibanda vya kwanza, tukalala. Ya pili tukasogea mpaka miti ilipoishia, tukarudi vibandani. Wapagazi waliokuwa wakishuka walimwamkia, "Shikamoo mzee," na wawili waliomfahamu walitua mizigo kabisa ili wamshike mkono. Nilichora kila tulipopumzika: mizizi, daraja la mbao, mbega juu ya tawi, mgongo wa baba.

Siku ya kushuka alisimama penye jiwe pana kando ya kijito.

"Hapa ndipo nilipopata habari zako," alisema. "Mwenzangu alikuwa anapanda, mimi nashuka. Akaniambia, mkeo kajifungua, msichana. Nami nina mzigo kichwani! Hata kuruka sikuweza."

Nililichora lile jiwe. Picha ikatoka mbaya.

Miaka hiyo intaneti ilikuwa ndiyo kwanza imeingia Moshi mjini, na mtu aliweza kujitengenezea ukurasa wa bure. Ukumbi wa kutundika picha sikuwa nao, kwa hiyo nikaamua kufanya maonyesho humo. Rafiki yangu, mchora mabango ya maduka, alisikia masimulizi yangu ya safari akanichorea picha tano za rangi kwenye karatasi ngumu. Jumamosi nzima nilikaa kwenye kafe ya intaneti nikizipitisha kwenye skana moja moja, zangu na zake. Nikachagua kumi na mbili.

Moja ya rafiki yangu niliirudisha kwenye bahasha. Ilikuwa ya baba pale penye jiwe, mashavu yanang'aa kama tangazo la kinyozi, karuka juu hewani na mzigo wake bado uko kichwani. Niliionea aibu. Zangu zilikuwa za penseli, zimetulia.

Baba alikuja kuona. Alikaa mbele ya kompyuta, kofia mkononi, akisubiri kwa subira kila picha ijifungue kidogo kidogo kutoka juu kwenda chini. Zilipokwisha akauliza kwenye bahasha mna nini. Nikamtolea.

Aliipokea, akaisogeza karibu na macho.

"Hapa nimeruka," alisema.

"Lakini baba, uliniambia..."

"Najua nilichokuambia. Iweke. Iwe ya kwanza."

Niliiweka. Ili ipate nafasi nikaondoa ya kilele, ambayo nilikuwa nimeichora kwa mbali, wala hakuiulizia.

Wiki iliyofuata alimleta mama, kavaa kitenge chake cha kwendea kanisani. Sasa baba ndiye aliyekuwa mwenyeji. Alimweleza kila kona ya njia, wapi pana utelezi, wapi walikuwa wakipika uji, huku akiniamuru, "Bonyeza. Bonyeza nyingine." Mama aliziangalia zote hadi mwisho.

"Ni nzuri," alisema. "Baba yako karuka, na jiwe nimeliona, hata nyani wapo."

"Mbega," baba alimsahihisha.

"Haya, mbega. Aliyezaa yuko wapi?"

Baba alikohoa. Mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Kisha tukaondoka pale moja kwa moja mpaka kwa rafiki yangu, ili mama naye achorwe. Alimketisha mama kwenye kiti nje ya karakana yake, watu wakipita na kumsalimu, na kwa kuwa mtoto hakuwepo, akamwambia apakate mkoba wangu. Mama aliupakata kwa makini, mkono mmoja chini ya kichwa ambacho hakikuwepo. Rafiki yangu akamchora amepakata mtoto, na nyuma yake migomba ya kihamba chetu, shamba la nyumbani.

Ikawa picha ya kumi na tatu. Mama aliikubali yote isipokuwa pua aliyochorwa yeye. Hiyo, alisema, ni ya wifi yake.