Uwele Ulioruka na Makapi

Siku ile uwanjani kwangu Haneti tulikuwa watano. Mimi, mke mwenzangu niliyezeeka naye, binti yangu kitindamimba, mume wake ambaye ni mkwe wangu na fundi wa kuchomelea vyuma kule Msalato, na afisa wa ubunifu kutoka mjini, binti mdogo mwenye buti. Majina yao yote ninayo kichwani, mpaka ya babu zao, ila hapa siyaandiki.

Mkwe wangu alikuwa ameunda mashine ya kupura uwele. Afisa alikuja kuipima. Ikifaa, serikali itampa nafasi kwenye karakana, atengenezee na vijiji vingine. Isipofaa, basi, arudi kwenye mageti na madirisha yake.

"Leo makapi yasiguswe," afisa akasema. "Yabaki yalipoangukia."

Mke mwenzangu akanifinya. Maana msimu mzima feni ya mashine ile ilikuwa ikirusha uwele pamoja na makapi, na sisi wawili, mkwe akishaondoka, tunayapepeta na kurudisha punje guniani. Kwetu mama mkwe hasemeshani na mkwewe uso kwa uso, sembuse kumwambia kazi yake ina kasoro! Naye akiona magunia yamejaa, anajua mambo safi.

Mashine ikanguruma. Afisa akachota makapi, akayapuliza. Kiganjani zikabaki punje. Mkwe akainamisha kichwa.

Nikampa mgongo, nikamwambia binti yangu: "Mwambie mwenzio feni yake ina hasira. Uwele wake tumeuokota msimu mzima."

"Mama anasema..."

"Nimesikia. Mwulize mama, mbona aliniacha nijisifu vile?"

Mke mwenzangu akadakia: "Mwambie alivyojisifu ilipendeza, nani angemkatiza?"

Tukacheka, hata mkwe. Akang'oa kipande cha bati, akaziba nusu ya tundu la feni. Tukapura tena. Safari hii punje zilizoruka hazikumshibisha hata kuku.

Karakana hakupewa siku ile. Afisa aliandika kwamba fundi wa chuo aje wairekebishe pamoja, kisha ipimwe tena mavuno haya. Na akaandika kuwa sisi wapepetaji tuulizwe kwanza. Fundi alishakuja, na uwele umeanza kutoa masuke.

Mliokuwepo, nikikosea nisahihisheni: bati lile lilikuwa la paa la zizi au la jiko? Mimi nasema la jiko, maana mvua hizi zimenivujia chunguni.