Nyau Yuko Mlangoni

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msinicheke mwandiko. Shule niliishia darasa la nne, naandika ninavyoongea.

Enzi zetu, kijijini karibu na Nyegina, paka alikuwaga wa namna mbili. Wa jikoni, mwizi wa samaki wetu wa furu, tulimwita paka na kumfukuza kwa mwiko. Wa hadithini aliitwa Nyau. Huyo alivaa kanzu, akajua kusalimia wakubwa, kuliko wengi wenu. Ukiteleza ukamwita paka, bibi yetu ananyamaza, hadithi imeishia hapo.

Jioni tulichambua dagaa, moshi wa kuni machoni, bibi anatugawia hadithi kama anavyogawa ugali. Nzima hakumpa mtu. Mimi nilipewa maneno ya Nyau, amelowa mvua, anabisha nyumbani kwa panya: "Hodi wenye nyumba, ni mimi Nyau, nina baridi, sina njaa." Dada yangu Nyanjura akapewa wimbo wa panya wanaomjibu kutoka ndani. Kaka yetu Magesa akapewa mwisho. Kuimba fungu la mwenzako ilikuwa mwiko.

"Mkigombana, mtalala bila hadithi," bibi alisema.

Basi tulipigana mchana, jioni tukapatana. Tungefanyaje?

Magesa ziwa lilimchukua akiwa kijana. Mwisho ukaenda naye. Nyanjura aliolewa Butiama, na kila tulipokutana, wazee wazima, nilibisha hodi, naye akaniimbia. Mwaka huu tumemzika. Wimbo ule ninaukumbuka kama harufu, maneno hayaji.

Nikamwita mjukuu wangu Neema, hapa Nyasura ninakoishi sasa, nimpe fungu langu angalau.

"Bibi, Nyau ndiyo nini?"

"Paka wa hadithini."

"Si useme paka tu! Haya, nitakurekodi kesho, simu haina chaji."

Kesho yake chaji ilikuwepo, akaimalizia miziki. Sikumwita tena. Zamani mtoto alimbembeleza bibi asimulie. Leo bibi anangoja chaji. Na hata angenirekodi, angerekodi mtu anayebisha hodi tu. Wa kujibu wako udongoni.

Ndipo nikawakusanya wote wa nyumba hii, wakubwa kwa wadogo, nikawaamuru: siku ya kunizika asisimame mtu kusema bibi alituachia hadithi. Semeni alitupatia, tukakataa. Kisha nifukieni.