Maharagwe ya Shosho

Mama aliyeketi kando yangu kwenye treni ya Mombasa amefungua mfuko wake wa maharagwe, na harufu ya majivu imenifikia kabla sijayaona. Kwetu kijijini Manyatta mbegu hupakwa majivu ya jikoni ili wadudu wasizitoboe.

Nilikuwa mdogo, nimelala mapajani mwa shosho, nyanya yangu, kwenye treni ya zamani, tukimpelekea shangazi mbegu huko pwani. Kulipopambazuka, nje kulikuwa na ardhi nyekundu isiyo na uzio wala mtu. Shosho alikuwa amelima maisha yake yote kipande cha shamba ambamo hata ng'ombe angegeuka kwa shida. Hakuweza kunyamaza.

"Hii shamba yote ni ya nani?" alimuuliza mwanamume aliyeketi mbele yetu. "Mbona hakuna mtu analima?"

"Shosho, hiyo ni mbuga. Ni ya ndovu."

"Na hao ndovu si wanakula?"

Akafungua mfuko, akatoa mkono dirishani, akaanza kurusha mbegu. Majivu yalirudi ndani na kutupaka nyuso. Behewa zima likacheka, naye akacheka kuliko wote. Kisha akanijaza mbegu kiganjani.

"Rusha mbali," akaniambia. "Usipande karibu na reli."

Shangazi alipokea mfuko uliobaki nusu.

Madirisha ya treni za siku hizi hayafunguki. Nimebandika uso kwenye kioo mpaka mama huyu ameniuliza naangalia nini huko nje.

"Shamba letu," nimemwambia.