Meneja Miguu Juu

"Ng'ombe wangu mmewapindua! Nimekutumia ng'ombe kasimama, wewe unaniletea ng'ombe kalala chali kama mende aliyepuliziwa dawa!"

Huyo ni Odilia, jirani yangu wa ukuta mmoja hapa Ifakara, akimfokea kwa simu kijana wa Dar es Salaam anayemchapia vitambaa. Mimi nilikuwa upande wangu napepeta mchele. Nikaacha kupepeta, maana ungo una kelele.

Simu yake huongea kwa sauti, kwa hiyo na kijana nilimsikia vizuri. "Shikamoo mama. Mimi nimechapa wote wamesimama, kitambaa kizima. Kwani wewe umekikunja vipi?"

Odilia akazima simu.

Ana miaka hamsini na mbili, na tangu nimjue analalamika. Mkaa karudisha, nyanya karudisha, fundi bati alimrudisha akiwa ameshafika stendi. Kushona hakusomea. Alifumua gauni la dada yake na kulishona upya, akalifumua tena, mpaka dada akakosa gauni na yeye akapata kazi. Anashonea barazani kwa cherehani ya kukanyaga, na mshono wake haufumuki hata ukivutwa na mbuzi.

Mwaka juzi binti yake alimwonyesha kwenye simu kwamba Dar kuna mashine ya kuchapa picha yoyote juu ya kitambaa. Unatuma picha, mzigo unakuja na basi. Odilia akasema ni matapeli, akatuma picha ya maua ya maboga yake ili awaumbue. Maua yakarudi mita tatu. Tangu siku hiyo vitenge vya dukani anaviita nguo za kila mtu.

Sasa njoo kwa Mzee Mayunga. Ni mfugaji wa Kisukuma, anakaa kijiji cha Michenga, na ana dume mmoja anayempenda kupita kiasi, jina lake Meneja. Mwaka jana Meneja aliingia shamba la Odilia hukohuko Michenga akala mpunga kona nzima. Odilia akampiga picha mdomo umejaa, akaipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Alidai debe moja tu la mpunga. Mzee Mayunga akaitazama picha, akasema ng'ombe wa rangi hiyo bondeni wapo mia. Debe likaishia hapo, na salamu zikaishia hapo.

Mwaka huu binti wa Mzee Mayunga, Kristina, akapata mchumba. Mzee akataka mama na mashangazi waingie harusini wamevaa Meneja. Akaja mwenyewe barazani, kofia mkononi. Picha zake za simu: moja mkia, nyingine kidole chake. Odilia, bila kucheka, akamwonyesha ile aliyokuwa nayo yeye.

"Huyu hapa!" Mzee akaruka. "Meneja wangu! Ona sikio lilivyochanika!"

"Una hakika? Si wapo mia?"

"Mayu," akasema, ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, "mimi nisimjue Meneja?"

Upande wa pili wa ukuta mimi nimeziba mdomo kwa khanga.

Kijana wa Dar akafuta shamba kwenye picha akabakiza ng'ombe. Masuke ya mpunga mdomoni aliyaacha, alidhani ni majani tu.

Kitambaa kilipofika, Odilia akakata madera saba kama anavyokata siku zote: unakunja mabegani, mbele na nyuma kipande kimoja. Kwa maua ni sawa, ua halina kichwa wala miguu. Ng'ombe anavyo. Mbele Meneja kasimama, nyuma Meneja miguu juu, mzoga mtupu. Na harusi keshokutwa.

Nikazunguka ukuta. "Odilia, yule kijana hana kosa."

"Najua! Ndiyo maana nimezima simu." Akakaa chini. "Nimvalishe mtu ng'ombe mfu harusini kwa mwanawe? Kitambaa kingine kinachukua wiki. Na lile debe langu, nitalidai kwa mdomo gani tena?"

Nilimwona akitaka kulia, nikageuka nikaangalia kuku. Nilipogeuka tena, mkasi ulikuwa mkononi. Akachana mabega ya madera yote saba, akageuza vipande vya nyuma chini juu, akavichonga shingo mpya, akaunga. Meneja akasimama. Ila ile shingo ya zamani sasa ilikuwa chini nyuma, pindo limeingia ndani.

"Kama limeng'atwa," nikasema.

"Na nani?"

"Na Meneja."

Hakucheka. Akalizungushia utepe mwekundu, yote saba, mpaka mikono ikavimba.

Kesho yake Mzee Mayunga akaja na dada yake Seni. Seni akavaa, akazunguka, akaona utepe. "Mayu! Mkato gani huu? Wa mjini kabisa!"

Odilia akainua kidevu. "Ndio wa sasa. Unapitisha hewa."

Mzee alikuwa anamsifia Meneja mmoja mmoja kwa kidole. Kidole kikasimama mdomoni mwa mmoja.

"Anakula nini huyu?"

"Wewe si ndiye unayemjua," Odilia akajibu.

Mzee akatazama madera saba, kila dera Meneja arobaini, kila Meneja na mpunga mdomoni, na Michenga nzima imealikwa. Akaanza kutikisika mabega, akacheka mpaka akakalia gunia langu la pumba.

"Wacha wavae," akasema. "Harusini hata Meneja ashibe."

Jumatatu baada ya harusi bodaboda kutoka Michenga ikashusha mpunga barazani. Odilia akaupima kwa debe lake mwenyewe. Ukazidi. Akauchambua kwa vidole akitafuta mapepe, punje zisizo na mchele ndani, akakosa. Akaguna, akachota uliozidi, akanimiminia kwenye ungo wangu.