Barua ya Mshahara wa Esnah

Mimi Thadeus ni mshonaji, na kwa miaka kumi na minane cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya duka la Chandulal mjini Kisii. Nasema hivyo mjue kwamba niliyoyasikia niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, na upumbavu nilioufanya niliufanya kwa mdomo wangu.

Esnah ni dada wa mke wangu. Katika kijiji kizima cha Tabaka hakukuwa na mtu wa kupakia vinyago vya mawe kama yeye. Alikizungushia kila kimoja majani makavu ya migomba, akakishindilia sandukuni, kisha akalitikisa sanduku huku amelitegea sikio. Likilia hata kidogo, alifungua lote na kuanza upya. Mwaka wa 1972 mwajiri wake, mzee Nyasani, alifunga stoo. Esnah alikuwa mjane, na binti yake Bochaberi alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Mama akipata kazi kabla ya Jumatatu, mwalimu mkuu angempokea mtoto na kungoja mshahara. Asipopata, nafasi ingepewa mwingine.

Chandulal naye aliuza vinyago na alitaka mtu wa kupakia, nikampeleka shemeji yangu.

Sasa huyu Chandulal alikuwa na tabia moja. Hakumwajiri mtu kabla ya kujua alikuwa akilipwa ngapi alikotoka. Aliandika barua kwa mwajiri wa zamani, akaifunga kwa gundi, akamkabidhi yule yule anayetafuta kazi aipeleke, arudi na jibu lililofungwa vile vile. Nimewaona vijana wakipokea bahasha hiyo kwa heshima, wakashuka ngazi, na hadi leo hawajarudi.

Nilimvuta Esnah kando kabla hajaingia. "Shemeji, akikuuliza mshahara, sema mia moja na thelathini."

"Lakini nilikuwa napata mia na kumi."

"Si unajua ni kwa nini?"

Alijua, nami nilijua. Mshahara ulikuwa shilingi tano kwa siku, siku ishirini na sita kwa mwezi. Lakini Esnah ni Msabato. Jumamosi hagusi kazi, na Nyasani alimkata Jumamosi zote nne.

"Basi mshahara wenyewe ni mia na thelathini," nikamwambia. "Jumamosi usiitaje kabisa. Hapa hiyo ndiyo siku ya kupakia. Ingia kwanza, hayo mengine tutayaona ukiwa ndani."

Alinitazama vibaya, lakini alikuwa akimfikiria Bochaberi. Akaingia, akasema mia moja na thelathini. Chandulal akachukua kalamu.

Esnah aliipeleka barua Tabaka siku ya Jumatano. Ijumaa alasiri alirudi, viatu vyake vimejaa vumbi, jibu la Nyasani likiwa ndani ya Biblia. Nilimnong'oneza kwamba birika la chai liko motoni, mvuke kidogo tu na gundi itaachia, angalau ajue kilichoandikwa ajitayarishe.

"Barua si yangu," akasema.

Nilikasirika. "Shule ya mtoto wako imo humo ndani!" Akapanda ngazi.

Mlango ulibaki wazi. Nilikuwa nashona ukosi wa shati, na mguu wangu ukakataa kukanyaga cherehani. Nilisikia kisu kikichana bahasha.

"Mama," Chandulal akasema, "wewe ulisema mia moja na thelathini. Nyasani anasema alikuwa anakulipa mia moja na kumi."

 

Halafu Chandulal akacheka. "Haya, kila mtu anaongeza. Mimi nimezoea. Kazi yako naijua, vitu vyako havivunjiki. Nitakupa mia na ishirini. Vinyago vinafika kesho asubuhi, uanze kesho."

Mia na ishirini! Akubali tu kuitwa mwongo kidogo, na kesho aje. Nikaanza tena kukanyaga cherehani.

"Bwana, mimi si mwongo," Esnah akasema. "Ilikuwa shilingi tano kwa siku. Hizo ishirini ni Jumamosi nne. Sifanyi kazi Jumamosi. Mzee Nyasani alikuwa anazikata."

"Na kesho?"

"Kesho ni Sabato."

Niliinuka mbio hadi mlangoni. "Bwana, usimsikilize, amechoka na safari! Kesho atakuja!"

"Shemeji, acha," akasema, hata hakugeuka. "Nilikosa kwa kukuficha, Bwana. Ilinipasa nikuambie siku ile ile."

Chandulal aliigeuza bahasha. "Umeibeba hii kutoka Tabaka. Ungeifungua ungejua la kunijibu."

"Haikuwa yangu."

Alikaa akigonga meza kwa kidole. Akilini nilimwona Bochaberi akienda kuchuma majani ya chai ya watu badala ya shule. Nililaani ulimi wangu.

"Lori linapakia Jumatatu alfajiri," hatimaye akasema. "Basi Jumamosi kaa nyumbani. Utafanya Jumapili. Mia na ishirini." Kisha akanielekezea kidole. "Thadeus, kila Jumapili utakuja ufungue stoo, ukae mpaka mama amalize."

Jumapili. Mimi ni Mkatoliki. Naimba besi katika kwaya, na kiti changu pale kanisani hakuna anayekikalia. Esnah aligeuka, akanitazama akingoja. Maneno ya kukataa nilikuwa nimetoka kuyasikia kwake muda ule ule, na yangenitosha.

"Sawa, Bwana," nikasema.

Bochaberi alirudi shuleni Jumatatu. Nami kwa miaka sita, kila Jumapili, nilisikia kengele ya kanisa nikiwa nimekaa juu ya sanduku, funguo mkononi, Esnah akitikisa masanduku yake na kuyasikiliza. Hajawahi kuniuliza kwa nini sikukataa.