Wajina Wangu Hakuitika

Jina langu la kwanza sitaliandika hapa. Nikiliandika utalisoma vibaya, nitakasirika, halafu nitakumbuka kwamba sina haki ya kukasirika. Ni jina la Kiluguru, la kwa mama. Linaanza na pumzi inayotoka puani kabla mdomo haujafunguka, na watu wengi wa mjini hawana habari na pumzi hiyo. Wengine wanachomeka irabu mbele yake. Wengine wanairuka na kuanzia katikati. Mwalimu wangu wa darasa la tatu, hapa hapa Morogoro, aliligeuza geuza mpaka likawa kama la Kichaga, na mwaka mzima watoto wakawa wananiuliza kwetu Moshi ni sehemu gani.

Ningependa kuwatupia lawama watu wa nyumbani, na zamani nilifanya hivyo. Nimepewa jina la bibi mzaa mama yeye mwenyewe akiwa hai, na kwetu mtoto akibeba jina la mkubwa anabeba na heshima yake. Mama hakuthubutu kumtamkia jina la mama yake mzazi mtoto anayejikojolea. Aliniita "Mama". Wajomba nao waliniita "Mama". Baba aliniita "mkwe", na kila akiniita alicheka. Nikikosea na fimbo ikabidi, anayenichapa alimwomba radhi kwanza mwenye jina aliyeko huko milimani, halafu akachapa kidogo tu. Kwa hiyo nilianza shule nikiwa nimelizoea jina langu mahali pamoja peke yake, yaani Mgeta kwa Bibi, tulikokwenda wakati wa likizo.

Huko lilitamkwa kutwa. Wenzake Bibi walimwita kutoka njia ya juu wakipita na mizigo ya kabichi, nasi tuko chini kwenye matuta tunachuma njegere. Bibi hakukubali kuitika peke yake. Alinigusa bega na kusema, "Wajina, tumeitwa." Tunaitika wawili kwa pamoja, mpita njia anacheka, na akiwa mtu wa utani ananipa shikamoo mimi mtoto wa miaka sita. Hiyo ilikuwa sheria ya Bibi na hakuifanyia mzaha. Jina hilo alilipata kwa bibi yake, aliyelipata kwa bibi yake, na kila mmoja alimfundisha wajina wake kuitika akiwa bado mdogo. Nilikuwa naringa sana.

Kuringa kuliisha nilipoingia darasa la kwanza. Mwalimu alipoita majina niliinua mkono, nikamsahihisha. Kesho yake nikamsahihisha tena. Msichana wa dawati la nyuma akasema ninalitamka kama mtu anayepenga kamasi, darasa zima likacheka, na mwalimu mwenyewe akageukia ubaoni ili tusimwone akicheka. Sikumsahihisha mara ya tatu. Nilipofika sekondari nilikuwa natangulia mimi mwenyewe kujitambulisha kwa lile jina la walimu, lisilo na pumzi, lenye irabu mbele. Lilikuwa rahisi, tena niliona linanipendeza.

Hapo ndipo ninapotaka paeleweke. Watu hawakuniharibia jina. Walijaribu, wakakosea, wakaniangalia usoni kama niwasaidie, nami nikawaambia hivyo hivyo, umepatia. Miaka na miaka nimewaambia umepatia.

Chuoni kwetu, siku ya mahafali, majina husomwa moja moja. Kila mhitimu alipewa nafasi ya wageni wawili. Mama akampisha Bibi, na mjomba mkubwa akachukua nafasi ya pili, kwa sababu kwetu jambo zito la mtoto husimamiwa na mjomba. Bibi hakuwahi kuingia darasani maisha yake yote. Aliposikia kwamba jina litasomwa kwenye kipaza sauti, mbele ya wakubwa waliovaa majoho, aliwatangazia watu wa kigango kizima kwamba ataitwa chuoni. Hakusema nitaitwa mimi. Alisema ataitwa yeye, na kwamba ikifika zamu yetu atasimama aitike, apige na kigelegele.

Siku tatu kabla ya sherehe tulikuwa na mazoezi ya kutembea na kuinama. Mwalimu aliyepangiwa kusoma majina alipita na orodha yake, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba. Alitaka kila mtu aandike pembeni jinsi jina lake linavyotamkwa. Alisema hapendi kumkosea mtu mbele ya mzazi wake. Alipofika kwangu alisimama kabisa.

"Hili lako nimelijaribu nyumbani nikashindwa," aliniambia. "Hebu litamke, nikufuatishe."

Nyuma yangu walikuwa wamesimama rafiki zangu watano, wote wananijua kwa jina lile la walimu. Nilifikiria kicheko cha darasa la kwanza. Nilifikiria pia, na hili linaniuma zaidi, kwamba baada ya mahafali wataanza kuniuliza kwa nini niliwadanganya miaka mitatu. Bibi nilimkumbuka. Sitasema nilimsahau. Nilimkumbuka, nikajipa moyo kwamba ataniona nikipita, kwamba furaha itamfunika.

"Lisome tu hivyo unavyoliona, mwalimu," nikasema, nikamtajia lile la walimu. "Ndivyo linavyosomwa."

"Kumbe rahisi hivyo!" akasema, akaandika.

Bibi alishuka kutoka Mgeta siku moja kabla ya sherehe na gari la mboga, amekaa mbele na dereva kama mheshimiwa. Alivaa kitenge alichonunua kwa ajili ya Pasaka na akakataa kukivaa Pasaka ili kisichakae. Ukumbini alimwomba mjomba amwachie kiti cha pembeni ili akisimama asimkanyage mtu. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulishamharibia macho. Kutoka pale alipokaa hadi jukwaani aliona rangi za majoho tu. Alikuwa anategemea masikio. Hilo nililijua pia.

Mjomba alikwenda mbele na simu yake kunipiga picha, Bibi akabaki peke yake. Likasomwa jina langu la walimu, likasomwa vizuri bila kigugumizi, nikapanda, nikainama, nikapewa cheti, nikashuka. Rafiki zangu walipiga kelele. Upande wa Bibi hakukuwa na sauti yoyote. Niligeuka kidogo nikamwona amekaa wima, mikono juu ya mapaja, shingo ameinyoosha kuelekea kwenye spika. Alikuwa anasikiliza. Wakasomwa waliofuata, kozi yetu ikaisha, ikaanza nyingine, naye akaendelea kusikiliza.

Nilimkuta hapo hapo watu wakiwa wameanza kutoka ukumbini. Alinishika joho akalipapasa, akajua ni mimi.

"Wajina, mbona hatujaitwa? Au kwetu ni kesho?"

Ukweli ulikuwa hapo mdomoni. Ulikuwa mfupi tu, ningeumaliza kabla hatujafika mlangoni.

"Nimeshapita, Bibi. Ila wamekosea. Jina hawakulisoma."

"Hukuwaandikia?"

"Niliwaandikia. Wamekosea wao."

Mjomba alikuwa amefika na simu mkononi. Alikuwepo mbele kabisa, alisikia kila kitu, na alijua jinsi mwalimu alivyosoma bila kusitasita. Aliniangalia kwa muda, akaiweka simu mfukoni, akamwambia Bibi twende tukale. Bibi aligoma. Alitaka apelekwe kwa huyo msomaji akamfundishe, maana haiwezekani mtoto asome miaka yote halafu siku yake apite bila jina. Tulimbembeleza mpaka akakubali kukaa kwenye kivuli na sahani ya pilau. Alikula kidogo. Yule mama wa miwani alipita karibu yetu, akanipungia mkono na kuniita kwa furaha kwa lile jina nililompa. Bibi hata hakugeuka.

Kule milimani aliieleza habari hiyo kwa miaka miwili, na kila mara alinitetea. Mwanetu aliwaandikia, wenyewe ndio walioshindwa. Mama alinisimulia hayo kwa simu, nami nilikuwa nabadilisha mazungumzo.

Halafu mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, akapata mtoto wa kike. Alikuwa ameomba jina la Bibi tangu mimba ikiwa changa, na wote tulijua kwamba mtoto akija wa kike ndiye atakayelichukua baada yangu. Wiki ya ubatizo Mama akanipigia. Bibi amekataa. Amesema jina lile lisipewe mtoto tena, huko chini halisemeki, linawapitisha watoto mbele za watu kama hawana kwao. Mama alikuwa analia. "Mwambie wewe," alisema. "Wewe ndiye mwenzake."

Ubatizo ulikuwa Jumapili. Jumamosi asubuhi nilipanda Mgeta nikiwa nimeyapanga maneno yangu yote. Ningemwambia kwamba jina linasemeka, kwamba yule mwalimu aliniomba nimfundishe, kwamba aliyelikataa ni mimi. Angekasirika, angenitukana kwa Kiluguru, na Jumapili mtoto angepewa jina. Niliona ni bei ndogo.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka mlangoni, anapukuchua njegere. Nikampa shikamoo, nikakaa chini karibu naye, nikaingiza mkono kwenye beseni nami nikaanza kupukuchua.

"Bibi, nimekuja kwa ajili ya jina."

"Najua," akasema. "Afadhali umekuja. Nilitaka nikuambie mwenyewe, uso kwa uso, siyo kwa simu." Akaliweka beseni pembeni, akanishika mikono yote miwili. Yake ilikuwa ya baridi kwa sababu ya ukungu. "Wajina, unisamehe. Nilipokupa lile jina nilijifikiria mimi. Nilitaka nisipotee. Sikuwaza kwamba wewe utakwenda kwenye watu. Umesoma, umeteseka, siku yako imefika, jina langu likakuangusha."

"Hapana, Bibi. Siyo jina."

"Usinifichie. Mimi ni mtu mzima, nimeliona hilo. Kila nikilala nakuona unapita pale peke yako, hujaitwa." Macho yake yalikuwa na machozi, na sijui yalikuwa yananiona kiasi gani. "Sema umenisamehe, mama yangu, nitulie."

Alikuwa hajawahi kuniita mama yangu. Mama na wajomba waliniita hivyo, yeye hapana, yeye alikuwa mwenzangu. Mkubwa akikushika mikono na kukuomba msamaha huwezi kumwacha anasubiri, hivyo ndivyo nilivyolelewa, na malezi hayo nikayafanya pango la kujificha. Maneno niliyoyapanga njia nzima yalikuwepo. Nilikuwa na jioni nzima ya kuyasema, na asubuhi ya Jumapili pia, njia yote ya kwenda kanisani nikiwa nimemshika mkono asiteleze.

"Nimekusamehe, Bibi," nikasema.

Akashusha pumzi ndefu, akalivuta beseni lake tukaendelea na kazi. Usiku huo alilala vizuri, nilimsikia.

Bibi bado yu hai ninapoandika haya, na hajui kusoma. Nimelifikiria sana hilo. Ndiyo maana naweza kuandika.

Kanisani padre aliuliza wazazi wamempa mtoto jina gani. Mdogo wangu akataja jina la mtakatifu, fupi, la kawaida, lililojaa kila darasa la nchi hii. Padre akalirudia mara moja, akamwagia mtoto maji, na lilimtoka kinywani lote bila shida. Bibi alikuwa amekaa kando yangu. Aliinama kwenye sikio langu, uso wake umechangamka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu kabla ya mahafali, akanifinya mkono.

"Umesikia, wajina?" akaninong'oneza. "Huyu wataweza kumwita."