Loisi Alivyoitoa Muheme Nje

Loisi ni mtani wangu, kwa hiyo nikimsema msishangae. Mimi Shamila, fundi cherehani wa mjini, babu zangu Wanyamwezi walipita Ugogo na mizigo kichwani. Yeye Mgogo wa Kibakwe. Kila nikimshonea gauni ananiambia nimepunja kitambaa. Mdomo ule! Lakini kwenye ngoma hana mpinzani, hata mimi nakubali.

Alikuwa mwalimu wa muziki kwenye chuo kimoja cha ualimu, miaka ile ya ruksa, redio kaseti zimejaa madukani na kila mtu anataka cha kigeni. Kila kiangazi chuo kilikuwa na msimu wake wa maonyesho ya muziki: kwaya, magitaa ya vijana wa mtaa wa Kizota, na mwisho kabisa wanawake wa Loisi na muheme, zile ngoma za Kigogo zinazobanwa mapajani. Msimu mmoja watu walipandwa na mzuka wakavunja mabenchi. Mkuu wa chuo, Mwalimu Bartolomayo, akanunua viti vya plastiki, vyeupe pe, akavipenda kama watoto wake. Kisha akatoa amri: wasikilizaji wakae kimya, makofi mpaka mwisho. Akiinuka hata mmoja muheme ikipigwa, basi, haitapigwa tena chuoni.

"Watakaa," Loisi akamjibu, shingo juu.

Siku ya siku, mama yake, Bi Erica, akaja kutoka Kibakwe. Ndiye aliyemfundisha kupiga, na hakuwahi kumwona akipiga mbele ya watu wa mjini. Nikamkalisha ukumbini, mstari wa mbele.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Humu kupumua ruksa?"

Wanawake wakazipasha ngoma nje kwenye moto wa nyasi mpaka ngozi zikakaza, wakaingia, wakapiga. Watu kimya! Hakuna kigelegele, hakuna wa kuitikia. Muheme isiyoitikiwa ni ugali mkavu, haushuki. Nikamwona Loisi anamtazama mama yake. Bi Erica alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili, asije akainuka akamponza mwanawe. Jamani, niliumia, utani pembeni.

Loisi akanyoosha mkono, ngoma zikanyamaza.

"Mkuu, samahani. Umesema asiinuke mtu muheme ikipigwa. Sasa haipigwi, ngoma zimepoa, tunakwenda kuzipasha. Ndugu zangu, twendeni wote motoni. Viti viacheni humu vipumzike."

Lo! Ukumbi mzima ukamwagika uwanjani. Muheme ikalia palepale kando ya moto, vumbi likatimka, na mwenye kigelegele cha kwanza alikuwa Bi Erica. Loisi alipiga huku machozi yanamtoka, anacheka. Nami niliruka mpaka kiatu kikakatika mkanda.

Mkuu alibaki ndani na viti vyake. Baadaye tukamwona anatoka, amebeba kimoja mwenyewe, anapita katikati ya vumbi mpaka kwa Bi Erica.

"Kaa, mama. Usichoke."

Bi Erica akakitazama kile kiti, akamtazama yeye. "Nimekaa vya kutosha humo ndani, baba. Huku nimekuja kwa mwanangu."

Mkuu akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akaingia kucheza.